Stoo imejaa mahindi, mtoto kadumaa. Wazazi wa Iringa, Njombe na Mbeya tuongee hili

Baba_Kilolo

Kamwene wote, na ndugu zangu wa Rungwe na Mbeya mjini nawasalimu pia. Uzi ni mrefu naomba mvumilie, hili jambo nimekaa nalo moyoni toka mwezi wa tatu.

Mi ni mkulima huku Kilolo, mahindi na viazi mviringo, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku wa kienyeji kama 20 hivi. Sio tajiri ila njaa nyumbani kwangu hatuijui, mwaka jana stoo ilibaki na magunia 38 na hapo nilishauza. Watoto watatu, wa mwisho wa kiume.

Mwezi wa tatu kijijini kulikuwa na ile siku ya afya na lishe, SALIKI. Mke wangu aliamka na homa nikamwambia lala, ntampeleka mimi. Nikafika pale kina mama watupu, baba ni mimi peke yangu, sawa. Mtoto akapimwa uzito, kilo 9 na nusu, kwenye kadi yuko ndani ya mstari, nikajua tumemaliza nikaanza kumfunga mgongoni. Mhudumu wa afya akasema subiri baba, bado urefu. Wakamlaza kwenye ubao, mmoja kashika kichwa mwingine kanyoosha miguu, mtoto analia kweli kweli. Sentimita 76 na nusu, na ana miezi 19. Wakanifungulia chati, wastani wa mtoto wa kiume umri ule ni kama 83, akishuka chini ya 77 na kitu anahesabiwa amedumaa.

Nilibisha. Nikasema huyu anakula, kwangu ugali haukosi siku hata moja. Yule dada hakubishana na mimi, akaniuliza tu, jana amekula nini toka alivyoamka mpaka kalala? Nikakaa kimya maana sikujua. Mtoto wangu mwenyewe, sijui jana kala nini.

Jioni nikakaa na mama yao tukahesabu. Asubuhi uji wa sembe na sukari kabla mama hajaenda shamba, saa 12 hiyo. Mama anarudi saa 8 au saa 9. Katikati hapo mtoto yuko na dada yake wa miaka 8, anampa kiporo cha ugali na chai ya rangi. Usiku ugali unaiva saa 2 na huyu ameshalala, tunamwamsha anakula matonge mawili na mchuzi wa mnafu halafu analala tena. Basi. Mara mbili na nusu kwa siku na yote ni wanga.

Mayai je? Tunakusanya, yakifika trei mbili anakuja mtu na pikipiki anachukua. Maziwa? Asubuhi lita zote zinaenda kwa mkusanyaji, inabaki ya kuweka kwenye chai ya mgeni. Pumba na viini vya mahindi? Maana huku tunakoboa, tunaloweka, tunaanika, ndo tunasaga unga uwe mweupe. Pumba inaenda kwa nguruwe. Wakuu mimi nguruwe wangu wamenenepa vizuri sana. Nilivyofika hapo kwenye hesabu nilitoka nje nikasimama uani muda mrefu.

Naomba tuongee kama wazazi. Waliopitia hili walifanyaje?

---

Mnyalu_Asili

Mkuu pole ila usitishike, sisi watu wa huku wengi ni wafupi kwa asili. Babu yangu alikuwa mfupi na amelima mpaka ana miaka 80. Hizo chati zimetengenezwa na wazungu kwa watoto wa kizungu, wanakuja kupima wetu wanasema wamedumaa.

---

Dada_Lishe

Kaka hoja hii nakutana nayo kila kijiji ninachokwenda kwa hiyo sikulaumu, ila naomba nikujibu vizuri. Nafanya kazi za lishe mkoani Iringa mwaka wa 9 sasa.

Hizo chati ni za Shirika la Afya Duniani, zilitoka 2006, na watoto waliopimwa walitoka nchi 6 na Ghana imo, India imo, Oman, Brazil, Norway na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaokula vizuri, wanaishi mazingira safi. Walichokuta ni kwamba mpaka miaka 5 watoto hao wanakua karibu sawa, wa Accra na wa Oslo mistari yao inapishana kidogo sana. Tofauti kubwa ya mtu na mtu inatokea baadae, sio miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wa Kilolo naye amezaliwa na uwezo wa kufika pale.

Na udumavu sio ufupi tu. Ufupi ndo tunaoweza kuupima kwa ubao, ila wakati mifupa imekosa na ubongo nao ulikuwa unajengwa ukakosa. Toka mimba inatungwa mpaka mtoto anatimiza miaka 2, hizo ndo siku 1,000, ikipita hapo kurudisha ni kazi ngumu sana.

Sasa takwimu za kwetu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, nchi nzima watoto chini ya miaka 5 waliodumaa ni asilimia 30. Iringa ni 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mikoa mitatu inayoongoza yote ni ya huku kwetu, ghala la chakula la taifa. Na nchi imepiga hatua maana 2010 ilikuwa asilimia 42 na 2015/16 ikawa 34, lakini Iringa yetu 2015/16 ilikuwa kama 42, imepanda. Mimi hii namba ikinijia usiku usingizi unakata.

Ningekuwa naambiwa hakuna mvua, hakuna mazao, ningeelewa. Ila chakula kipo, kinapita mbele ya mtoto kinaenda sokoni.

---

Mama_Wawili_Tukuyu

Baba Kilolo ubarikiwe kwa kumpeleka mtoto mwenyewe na kwa kuandika hivi. Mi niko Tukuyu, huku ndizi, maziwa, parachichi, mahindi, ukisimama juu ya mlima kila kitu kijani, na watoto wetu pia wanadumaa.

Naomba niseme upande wa kina mama maana kwenye hii mada huwa tunasemwa sisi tu, eti hatujui kulisha. Tunajua. Kliniki tumefundishwa makundi ya chakula mpaka tumekariri. Mama anaamka saa 11, maji, kuni, uji, shamba au kuchuma chai, anarudi na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, anapika, anafua, analala saa 4. Mtoto wa miezi 8 tumbo lake linabeba kama kikombe kimoja, inabidi ale kidogo kidogo mara nyingi, mara 3 anyonye katikati, akivuka miezi 9 mara 3 au 4 na kitu cha kutafuna juu yake. Nani atampa na mama yuko bondeni analima? Bibi kachoka, dada yake ni mtoto.

Nilipokuwa na mimba ya pili nililima mpaka wiki ya kujifungua, mtoto kazaliwa kilo 2 na gramu 300. Hakuna aliyenipiga marufuku kupumzika ila hakuna aliyeshika jembe langu pia. Vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, nilipewa nikameza, ila ile njaa ya kazi vidonge haviondoi. Kwa hiyo kabla hatujaongelea mayai tuongelee mama anapata saa ngapi ya kukaa na mtoto.

---

Baba_Kilolo

Dada wa Tukuyu hapo umenigusa penyewe. Mke wangu aliniambia kitu hicho hicho kwa maneno machache, alisema "mayai si unauza wewe?" Ikaisha. Kweli nauza mimi na hela nashika mimi.

---

Makambako_Biashara

Mimi ndo yule wa pikipiki mnayemsema hahaha hapana natania kidogo, ila kweli nanunua mayai na parachichi vijijini naleta Makambako, mengine yanavuka yanaenda Dar. Sitaki niseme uongo, mkulima akiniuzia mimi napata riziki na yeye anapata ada. Ila nimeona nyumba nyingi, parachichi zimelala chini ya mti nyingine zinaoza zile zilizokataliwa kwa kuwa ndogo au zina doa, na mtoto amekaa hapo hapo anakula ugali na chumvi. Zile ndogo hazina kasoro yoyote jamani ni ukubwa tu wa soko. Huwa nawaambia mama ponda hiyo mpe, wananijibu parachichi la nini kwa mtoto.

---

Mzee_Wa_Ludewa

Vijana, niwaambie kitu ambacho wengi hamkukikuta.

Mkoa wa Iringa wa zamani, Njombe ikiwa ndani yake, Ludewa yetu na Makete yote, uliwahi kuwa mfano wa dunia kwenye jambo hili. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango mkubwa wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, fedha zilitoka Italia. Ulianzia vijiji 168. Kila miezi mitatu kengele inalia, watoto wote wanakuja, mzani unaning'inizwa kwenye mti, mtoto anawekwa kwenye kile kisuruali anapimwa mbele ya watu. Mimi nilikuwa karani kijana, nilikuwa naandika.

Kilichofanya kazi sio mzani. Baada ya kupima serikali ya kijiji inakaa hapo hapo, majina ya watoto waliopungua yanasomwa, halafu swali, kwanini huyu? Mwingine mama yake mgonjwa. Mwingine baba anamalizia hela kwenye pombe. Mwingine hana mtu wa kumlisha mchana. Kila mmoja na sababu yake, na kijiji kinaamua kitafanya nini na mkutano wa robo inayofuata wanaulizana mmefanya? Tulianzisha sehemu za kulelea watoto mchana, kila kaya inachanga unga, maharage na karanga kidogo, mama mmoja au wawili wanabaki wanapika, wengine wanaenda shamba. Hilo ndo jibu la huyu binti wa Tukuyu, tulilijibu miaka 40 iliyopita.

Watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa kama 6 kati ya 100 mwanzoni, ilipofika 1988 wakawa chini ya 2. Na ule mfumo wa kupima, kuchambua sababu na kuchukua hatua, UNICEF waliuchukua toka huku wakajengea mchoro wao wa sababu za utapiamlo wa 1990 ambao mpaka leo unafundishwa vyuoni. Umetoka kwenye vijiji vyetu.

Kisha mradi ukaisha, mizani ikaharibika, makarani tukazeeka. Inaniuma sana kuona mkoa ule ule leo unasomwa wa mwisho.

---

Dada_Lishe

Shikamoo mzee. Asante sana kwa hili, mimi niliusoma darasani na sikuwahi kukutana na mtu aliyeshika lile daftari.

SALIKI ya sasa kila robo mwaka damu yake ni ile ile. Na hela ipo kwa maana ya agizo, halmashauri zinatakiwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 toka mapato yake ya ndani, na wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe, ule wa mwisho ulisainiwa mbele ya Rais Samia mwezi wa 9 mwaka 2022. Kila mtu kwenye kijiji ana haki ya kuuliza kwenye mkutano, ile elfu moja ya mtoto wangu imefanya nini? Ulizeni kwa heshima ila ulizeni.

Ila ile sehemu ya mzee ya kusoma jina na kuuliza kwanini huyu, hapo tumelegea. Siku hizi tunapima, tunajaza fomu, fomu inaenda wilayani, mama anarudi nyumbani na mtoto wake vile vile.

---

Mnyalu_Asili

Dada nimekuelewa, narudisha neno langu la asili. Nina mtoto wa mwaka na miezi miwili, nimefungua kadi yake sasa hivi, sehemu ya urefu haijajazwa hata mara moja. Uzito tu kila mwezi. Kituo siwezi kukitaja ila naenda kuomba apimwe.

Swali, sisi tunampa uji wa lishe, ule wenye mchanganyiko wa vitu kama 10, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, mtama, mahindi, hadi dagaa. Huo si unatosha?

---

Dada_Lishe

Swali zuri na hapa wengi tunaumia kwa nia njema.

Kuchanganya nafaka 5 sio lishe 5, mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano yote kundi ni moja. Chukua nafaka moja tu, mahindi ya dona au ulezi, usage peke yake. Karanga usisagie humo ukaweka miezi miwili, mafuta yake yanaharibika, na karanga na mahindi yaliyolala na unyevu yanaota kuvu wanaotoa sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo kitu, na kwa mtoto mdogo ile kidogo kidogo ya kila siku wataalam wanaihusisha na kudumaa pia. Anikeni juu ya turubai sio chini kwenye udongo, hakikisheni yamekauka kabisa, wekeni kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, punje zilizobadilika rangi mzitoe. Soya kama unatumia lazima uichemshe kwanza uianike ndo usage, mbichi inazuia mwili kutumia protini.

Uji uwe mzito. Ukiinua kijiko ukimwagika kama maji huo ni wa kumjaza tumbo tu. Halafu wakati unaivishia ndo unaongeza, leo maziwa, kesho karanga ulizotwanga leo leo, keshokutwa yai. Akitimiza miezi 6 anza vijiko 2 au 3, miezi 9 nusu kikombe cha robo lita, akifika mwaka robo tatu mpaka kikombe kizima. Na mchana sio uji tu, ale chakula cha nyumbani kimepondwa, viazi na maharage, mchicha, dagaa wa kusaga, parachichi lile la Makambako lililokataliwa. Sahani yake peke yake, asile kwenye sinia la wote maana hatuoni kala kiasi gani.

Chai ya rangi mtoto mdogo asipewe na chakula, inazuia madini ya chuma. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, naomba niseme wazi wana Iringa wenzangu, hata ule mtogwa mtamu wa asubuhi. Sio wa mtoto.

---

Mama_Neema_Makete

Hapo kwenye ulanzi dada nakushukuru, msimu ukifika watoto wanapewa kwenye kibuyu wanalala mchana mzima, watu wanasema ametulia.

Nami naongeza usafi. Mwanangu alikuwa anakula vizuri tu ila kila wiki mbili anaharisha. Kuku walikuwa wanalala ndani na yeye anatambaa hapo hapo anaokota anaweka mdomoni. Tumewajengea banda, tumetandika mkeka wake, maji tunachemsha, kuharisha kumepungua sana. Na dawa ya minyoo na matone ya vitamini A mwezi wa 6 na wa 12 msiache.

Swali langu, mtoto wangu wa pili, wa kike, ana miezi 9, mi naishi na VVU na natumia dawa vizuri. Majirani wananiambia niache kunyonyesha. Nifanyeje?

---

Dada_Lishe

Mama Neema hongera kwa kutumia dawa. Usiache. Ukiwa unameza dawa zako kila siku na virusi vimefubazwa endelea kunyonyesha huku ukimpa chakula, na hudhuria kliniki mtoto apimwe kwa ratiba yake. Ukiacha sasa hivi unamwondolea chakula bora alichonacho. Huku kwetu Njombe na Iringa akina mama wa hali yako ni wengi na watoto wao wanakua vizuri kabisa. Majirani waambie umeongea na kliniki.

---

Baba_Kilolo

Wakuu nimerudi, niliahidi kwenye inbox za watu kwamba nikimpima tena ntaleta majibu. Kwanza niseme tulichobadilisha maana nyumba yangu ndo mfano nilio nao.

Mayai, tuliweka makoo watatu kuwa wa mtoto. Yai lake kila siku, yanayobaki ndo yanauzwa, na hela ya mayai sasa anashika mama yao. Maziwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni yanatolewa kabla ya kupeleka kwa mkusanyaji. Unga wa mtoto ni dona, na sisi wakubwa tumeanza kuchanganya maana mwanzo tuliona mzito. Chakula chake cha jioni kinapikwa saa 11, sio saa 2, na hiki napika mimi siku ambazo mama yao yuko mbali. Mwanzo majirani walinishangaa. Mmoja aliuliza kama mke wangu kaondoka.

La mchana ndo lilikuwa gumu. Nikapeleka maneno ya mzee wa Ludewa kwenye mkutano wa kitongoji, nikayasoma kwenye simu kama yalivyo. Wazee wawili wakasimama wakasema kweli, hata hapa ilikuwepo, chini ya mti ule pale. Tumeanza kaya 11. Kila kaya inaleta unga, maharage na kuni kwa zamu, kina mama wawili wanabaki, mtu akikosa kuleta maharage analeta mayai. Kuna wiki imelegea, wiki ya kuvuna mbili nzima hapakupikwa kitu, ila tumerudi.

Juzi mwezi wa sita SALIKI ilikuja. Mwanangu miezi 22 sasa, sentimita 79 na nusu. Ameongezeka 3 ndani ya miezi mitatu. Bado yuko chini ya mstari kidogo, mhudumu kanionyesha na sitaki kuwadanganya. Safari hii baba tulikuwa wanne.

Mzee wa Ludewa, kwenye mkutano wamenituma nikuulize, lile daftari lenu mlikuwa mnachora safu ngapi na mlikuwa mnaandika nini kwenye kila safu? Tunataka kuanza nalo robo ijayo.

---

Mzee_Wa_Ludewa

Marahaba mwanangu, na salamu kwa wazee wa hapo. Safu zilikuwa sita. Jina la mtoto, umri, kipimo, sababu, kijiji kimeamua nini, na ya mwisho jina la mtu atakayekwenda kwenye ile nyumba kuangalia. Ninyi ongezeni urefu. Na safu ya mwisho msiiache wazi hata mara moja.